Mianga ya Mbali Yatufundisha Kupima

Mkisimama nje usiku wa kiangazi, mahali pasipo taa wala moshi, mtaona ukanda mweupe ukatao mbingu toka upande mmoja hata upande wa pili. Ukanda huo si wingu. Ni nyota nyingi mno, zilizo mbali hata jicho haliwezi kuzitenga moja moja. Nalo jua letu ni moja katika jamii hiyo. Wataalamu huiita jamii ya namna hiyo galaksi. Nuru yakimbia kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Hata hivyo yahitaji miaka 100,000 hivi kwa kuivuka galaksi yetu. Na nje ya galaksi yetu ziko nyingine, milioni kwa milioni.

Kitu kikubwa namna hii, mtu angedhani ya kuwa hakiwezi kubadilika upesi. Babu aliitazama mbingu, mjukuu aitazama leo, naye aona yale yale. Lakini sivyo ilivyo po pote. Ziko galaksi ambazo moyo wake huongeza na kupunguza mwanga kwa siku moja, kwa saa moja, pengine kwa dakika chache tu. Mabadiliko hayo ya haraka huonekana hasa katika miali ya X, ile ile itumikayo hospitalini kwa kupiga picha ya kifua au ya mfupa uliovunjika.

Leo napenda kueleza jinsi watu walivyotambua jambo hilo, na jinsi walivyopata ndani yake kipimo cha vitu ambavyo hakuna mtu atakayevifikia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, si mtaalamu wa nyota. Lakini hesabu zitumikazo hapa ni za kuzidisha na kugawa, nazo watoto wa mwaka wa sita wazijua.

Moyo wa galaksi

Mwaka 1943 Mmarekani mmoja, jina lake Carl Seyfert, alieleza habari za galaksi chache zenye kiini kidogo chenye mwanga mkali kupita desturi. Hadi leo galaksi za namna hiyo huitwa kwa jina lake. Mwaka 1963 Maarten Schmidt, mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi Marekani, alichunguza nuru ya kitu kiitwacho 3C 273. Katika darubini kilifanana na nyota tu. Schmidt alikuta ya kuwa kiko mbali ajabu: nuru yake tuionayo ilitoka huko zaidi ya miaka milioni elfu mbili iliyopita. Kitu kionekanacho toka mbali hivi hapana budi kina mwanga kushinda nyota zote za galaksi nzima zikiwekwa pamoja.

Nguvu hiyo yatoka wapi? Wataalamu wajibu hivi: katikati mwa galaksi hizo mna shimo jeusi, yaani kitu chenye uzito wa majua milioni moja, au milioni mia, au zaidi, kilichokazwa mahali padogo hata nuru yenyewe ikishaingia haiwezi kutoka. Shimo lenyewe haliangazi. Lakini gesi na vumbi vinavyolizunguka huvutwa ndani kwa mwendo wa kutisha, husuguana, hupata moto mkali, na kabla ya kuzama huangaza. Miali ya X hutoka mahali palipo karibu sana na ukingo wa shimo. Kwa hiyo atakaye kujua mambo ya ukingo huo, na atazame miali ya X.

Chombo chenye jina la Kiswahili

Miali ya X hupenya nyama ya mwili, lakini haiwezi kuipenya hewa yote iliyo juu yetu. Kwake ni nene kama ukuta. Hilo ni jema kwa afya yetu, ila latuzuia kuona. Wilhelm Röntgen aliigundua miali hiyo huko Ujerumani mwaka 1895, lakini ilipasa kungoja roketi ndipo watu waanze kuitafuta mbinguni. Tarehe 18 Juni 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi huko Marekani. Kwa dakika chache ilizokaa juu ya hewa, iliona miali ya X ikitoka upande wa kundi la nyota liitwalo Nge. Kwa kazi hiyo na nyingine zilizofuata Giacconi alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Lakini dakika chache hazitoshi kwa kujua kama kitu chabadilika. Ilihitajiwa setilaiti, yaani chombo kinachoizunguka dunia mwezi baada ya mwezi. Ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya miali ya X ya mbinguni peke yake ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Ilikuwa ya Wamarekani, lakini haikurushwa toka kwao. Ilirushwa toka jukwaa la Waitalia lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, katika nchi ya Kenya. Siku hiyo Wakenya walikuwa wakisherehekea kutimia miaka saba ya kujitawala kwao, na kwa heshima yao chombo kikaitwa Uhuru. Mahali palichaguliwa kwa akili, maana karibu na ikweta mzunguko wa dunia huiongezea roketi mwendo.

Uhuru ilifanya kazi hadi mwaka 1973. Orodha yake ya mwisho, iliyotolewa mwaka 1978, ina vitu 339 vinavyotoa miali ya X, na miongoni mwake zimo galaksi za Seyfert, kama ile iitwayo NGC 4151. Basi kila atakayesoma historia ya elimu hii, awe Mjapani au Mjerumani, atakutana na neno la lugha yetu mlangoni.

Hesabu ya maandamano

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe. Fikirini maandamano ya Sikukuu ya Ekaristi: watu wamejipanga barabarani, mstari mrefu wa meta 340. Ninyi mmesimama mbele ya mstari. Kwa ishara moja wote wapiga kofi mara moja, pamoja. Sauti ya walio mbele yawafikia ninyi kwanza. Sauti ya walio mwisho yachelewa, kwa sababu sauti huenda meta 340 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo kofi moja mtalisikia limerefuka kwa sekunde nzima. Ikiwa mstari ni wa meta 34 tu, kofi litarefuka kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hata kipofu asiyeyaona maandamano aweza kusema: «Kofi nililosikia lilikuwa fupi, basi mstari si mrefu.»

Na ikiwa kila mtu apiga makofi kwa wakati wake? Hapo mtasikia mvumo mmoja usiobadilika, kama mvua juu ya mabati. Kelele ya watu wengi waliotawanyika haipandi na kushuka yote kwa pamoja.

Ndivyo ilivyo kwa nuru. Setilaiti EXOSAT ya nchi za Ulaya ilifanya kazi tangu 1983 hata 1986. Ilikwenda mbali sana na dunia, na mzunguko wake mmoja ulichukua karibu siku nne. Kwa hiyo iliweza kuikazia macho galaksi moja kwa muda mrefu, bila dunia kupita mbele yake. Iliitazama NGC 4051, iliyo mbali nasi miaka ya nuru milioni 50 hivi. Miali yake ya X ilipanda na kushuka bila kipimo kimoja: mabadiliko ya siku nzima, ndani yake mabadiliko ya saa, na ndani yake tena ya dakika, kama mawimbi ya ziwa Tanganyika, makubwa yakiwa yamebeba madogo.

Chukueni badiliko la sekunde 1,000, yaani dakika 17 hivi. Zidisheni 300,000 kwa 1,000: mtapata kilometa milioni 300. Mahali panapoangaza hapawezi kupita ukubwa huo, la sivyo badiliko lingerefuka zaidi. Nanyi mwajua ya kuwa toka dunia hata jua ni kilometa milioni 150. Kwa hiyo pale pote paenea ndani ya duara ambayo dunia huifuata ikilizunguka jua kila mwaka. Kwetu duara hiyo ina jua moja; huko, katika nafasi kama hiyo, hutoka nguvu ya mamilioni ya majua. Nyota milioni haziwezi kukaa humo kwa amani. Zingegongana na kuangukiana. Lakini shimo jeusi lenye uzito wa majua milioni moja lina upana wa kilometa milioni 6 tu. Hilo laenea bila shida. Basi mojawapo ya sababu zilizowafanya wataalamu kusadiki habari ya shimo jeusi ni hiyo.

Hakuna aliyekwenda huko na kamba ya kupimia. Walichotumia ni saa, pamoja na uvumilivu wa kuandika kila badiliko lilipotokea.

Hata hivyo sharti moja lisisahauliwe. Galaksi nyingine hutupa mkondo wa moto kuelekea upande wetu kwa mwendo ulio karibu sawa na wa nuru. Hapo saa yaweza kudanganya, na mabadiliko huonekana mafupi kuliko yalivyo kweli. Mwezi Julai 2006 darubini za H.E.S.S., zilizoko Namibia, ziliona galaksi PKS 2155-304 ikibadili kwa dakika chache miali yake ya gama, iliyo mikali kuliko ya X. Kwa galaksi ya namna hiyo hesabu ya maandamano peke yake haitoshi. Kila kipimo kina mpaka wake, na mpimaji mwema huutaja.

Galaksi iliyopewa tabia ya jirani

Kati ya galaksi zilizotazamwa na EXOSAT ilikuwamo NGC 6814. Mwaka 1989 wataalamu wawili walitangaza jambo la ajabu: miali ya galaksi hiyo, tofauti na ya nyingine, ilikuwa na mapigo ya kipimo kimoja kama ngoma, pigo moja kila sekunde 12,000 hivi, yaani muda wa saa tatu na dakika 20. Setilaiti ya Wajapani iitwayo Ginga iliona mapigo yale yale. Wengi walifurahi. Wengine walisema labda nyota moja yalizunguka shimo jeusi kwa karibu. Wakatunga hesabu na kuandika makala.

Lakini vyombo vile havikutoa picha. Vilipokea miali yote itokayo katika kipande kipana cha mbingu, vikahesabu jumla yake. Setilaiti ROSAT, iliyotengenezwa hasa na Wajerumani na kurushwa mwaka 1990, ilikuwa na jicho kali zaidi. Ilipotazama upande ule, ilionekana ya kuwa mapigo hayakutoka katika galaksi. Yalitoka kwa jirani yake mbinguni, aliye kando kwa umbali upitao kidogo upana wa mwezi mpevu tuuonavyo sisi: nyota mbili za galaksi yetu wenyewe, zinazozungukana. Habari ilitangazwa mwaka 1993. Yote yaliyojengwa juu ya mapigo ya NGC 6814 yakaanguka.

Nilipoisoma habari hii nilikumbuka kijiji nilichofundisha nilipoanza kazi. Mvua za kwanza ziliponyesha, watoto watatu walikufa kwa kuhara katika juma moja. Watu walitafuta sababu. Nyumba za wafiwa zilikuwa karibu karibu, na kati yake palikaa mjane mmoja mzee. Wakasema: ni yeye. Wakamwita mchawi, wakatishia kuichoma nyumba yake. Naye akakimbia usiku kwenda kwa mwanawe, mbali. Baada ya siku chache mwuguzi wa kituo cha afya alikuja, akauliza katika kila nyumba swali moja tu: «Maji mwateka wapi?» Nyumba zote tatu ziliteka chemchemi moja, iliyokuwa chini ya choo kipya. Chemchemi ilifungwa, na ugonjwa ukakoma. Mama yule alikuwa jirani wa msiba, basi. Hakurudi tena, wala hakuna aliyetumwa kumwambia neno.

Sifananishi galaksi na mtu. Galaksi haiumizwi na maneno yetu, mtu aumizwa. Lakini kosa lafanana: kuona vitu viwili upande mmoja, na kukihukumu kile ambacho macho yalikuwa yamekielekea tangu mwanzo. Tofauti ni hii: wataalamu walirudi kutazama tena kwa chombo kilicho bora, na walipoona sivyo, waliandika hadharani ya kuwa sivyo. Kijiji hakikufanya hivyo, na mwanamke mzee alikosa kwao.

Waliorudi kutazama

Baada ya jambo lile wataalamu walikuwa waangalifu sana. Mwaka 2008 yalitangazwa mapigo katika galaksi nyingine, RE J1034+396: miali yake hupanda na kushuka kwa muda wa saa moja hivi. Safari hii ilitazamwa na XMM-Newton, setilaiti ya nchi za Ulaya iliyorushwa mwaka 1999, yenye vioo vinavyoitenga galaksi na jirani zake. Wala hawakuridhika na mara moja. Mwaka 2018 waliitazama tena, wakayakuta mapigo yangaliko.

Mambo mengine pia yalifunuliwa. Mwaka 2006 Ian McHardy na wenzake walionyesha ya kuwa mashimo meusi madogo ya galaksi yetu, yenye uzito wa majua kumi hivi, hubadilika kwa namna ile ile kama yale makubwa, ila upesi zaidi, kwa kadiri ya uzito wa shimo na ya wingi wa gesi linayomeza. Ni kama ngoma: ndogo hutoa sauti nyembamba, kubwa sauti nzito, na fundi huzijua hata gizani. Mwaka 2009 wengine walitangaza mwangwi wa miali ya X katika galaksi 1H 0707-495. Miali iliyoipiga gesi iliyo kando ya shimo na kurudishwa ilichelewa sekunde 30 hivi kuliko ile iliyokuja moja kwa moja. Zidisheni tena: sekunde 30 za nuru ni kilometa milioni 9. Hivyo watu walipima nafasi iliyo ukingoni mwa shimo jeusi, kama mtoto apimavyo bonde kwa kupiga kelele na kungoja mlima umjibu.

Tena mwezi Januari 2025 ilitangazwa habari ya galaksi 1ES 1927+654. Mapigo yake yalikuwa ya dakika 18 mwaka 2022. Miaka miwili baadaye yalikuwa ya dakika 7. Je, ni nyota ndogo nzito inayozunguka karibu kabisa na ukingo? Au ni jambo jingine la gesi yenyewe? Waliotangaza walitoa hoja zao, lakini hawakukata shauri. Walisema yafaa kuendelea kutazama. Waliojifunza kwa NGC 6814 hawaoni haya kungoja.

Yatawafaa nini watoto?

Baba mmoja aliniuliza: «Mwalimu, mambo haya yatamsaidia nini mwanangu? Afadhali ajue hesabu za soko.» Alisema kwa heshima, na swali lake ni la haki, kwa maana karo hulipwa kwa jasho. Nilimjibu: «Baba, hesabu ni zile zile. Mtoto azidishaye bei ya kikapu cha mihogo ndiye aweza kuzidisha mwendo wa nuru. Na akiona ya kuwa kwa hesabu hiyo ndogo watu wamepima moyo wa galaksi, hataidharau tena.»

Lakini liko jambo jingine, nalo naliona kubwa zaidi. Natamani kila mtoto atokaye darasani mwangu awe na maswali matatu mdomoni. La kwanza: ni nani aliyepima? La pili: alipima kwa chombo gani? La tatu: je, alichokipima ndicho kweli hicho anachokitaja? Swali la tatu ndilo lililoiondolea NGC 6814 tabia isiyo yake. Ndilo pia lililokuwa katika kinywa cha mwuguzi yule alipokwenda nyumba kwa nyumba. Lingeulizwa mapema, mjane angalikuwa bado anapalilia shamba lake.

Siku hizi habari huingia nyumbani kwa simu kabla jogoo hajawika: dawa ya uongo, vita isiyokuwapo, jina la mtu aliyesingiziwa. Aliyezoea kumeza kila neno ataumia, na ataumiza wengine. Kwa hiyo, enyi wazazi, mtoto akiwauliza «Mmejuaje?», msimkaripie kana kwamba amekosa adabu. Mfundisheni kuuliza kwa unyenyekevu, nanyi mumjibu kwa kweli, na mahali msipojua, mwambieni: «Twende tukaangalie pamoja.»

Tena msingoje darubini. Mvua zitakaporudi, kaeni ndani pamoja na watoto wenu; umeme ukimulika kwa mbali, hesabuni sekunde mpaka ngurumo isikike, kisha zidisheni kwa 340. Mtapata meta zilizoko kati yenu na umeme ule. Wapeni watoto kalamu, nao waandike jibu daftarini. Kisha ngojeni mwingine, mpime tena.